Yai Linafanya Kazi Gani? Vyakula vya Kijerumani Bila Kitu cha Mnyama

Ukitaka kupika chakula cha Kijerumani bila nyama, maziwa, mayai wala asali, kabla ya kwenda dukani uliza kila kiungo unachokiondoa kilikuwa kinafanya kazi gani ndani ya sufuria. Yai kwenye Spätzle lina kazi yake, yai kwenye Schnitzel lina kazi nyingine, na yai kwenye chapati za viazi za Köln halina kazi ya maana. Anayeweka kitu kilekile kila mahali palipokuwa na yai, tuseme kijiko cha mbegu za kitani zilizosagwa, atafaulu mara moja na kuharibu mara mbili.

Spätzle ni tambi fupi zisizo na umbo maalumu, chakula cha Schwaben, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Kwa desturi gramu 400 za unga huvunjiwa mayai manne. Mayai hayo hushikanisha, hutia rangi ya njano na huacha harufu yake. Watu huogopa zaidi suala la kushikanisha, kumbe ndilo jepesi kuliko yote, maana gluteni, protini ya ngano inayovutika, inatosha ikifanyishwa kazi. Changanya gramu 300 za unga wa ngano, gramu 100 za semolina ya ngano ngumu (Hartweizengrieß), vijiko vikubwa viwili vya unga wa soya, kijiko kidogo cha chumvi na robo kijiko kidogo cha manjano. Mimina mililita 300 za maji, kisha piga kwa mwiko wa mbao dakika nane hadi kumi, mpaka rojo lianze kutoa mapovu na kuvutika. Liache lipumzike nusu saa. Mapumziko hayo usiyaruke: semolina hunywa maji polepole, na rojo lililoonekana jepesi mwanzoni hukaza lenyewe. Ukiinua mwiko, rojo sahihi hushuka kwa uzito, linaning'inia, kisha linakatika. Likimiminika kama uji wa asubuhi, ongeza semolina kijiko kimoja kimoja. Likigoma kabisa kushuka, ongeza maji kwa vijiko.

Wengi husisitiza maji ya gesi. Gesi nyingi hutoka wakati wa kupiga na kupumzisha, kwa hiyo maji ya bomba yanafaa vilevile. Kinachojenga Spätzle ni mkono.

Maji ya kuchemshia yawe na chumvi ya kutosha, na yachemke kwa utulivu. Yakitokota kwa vurugu, tambi hizi zisizo na yai hukatika na kuyageuza maji kuwa gundi. Kwangua rojo kutoka kwenye ubao, au lipitishe kwenye kikwaruzo chake, kidogo kidogo. Tambi zikishaelea subiri dakika moja zaidi, kisha zitoe kwa mwiko wa matundu. Harufu ya yai huletwa na chumvi nyeusi ya Kihindi, kala namak, yenye harufu ya salfa. Inyunyize mezani, au tambi zikiwa zimeshatoka kwenye maji, kwa sababu moto huifukuza harufu hiyo. Ukiiweka kwenye maji ya kuchemshia umepoteza fedha.

Kwa Käsespätzle, yaani Spätzle za jibini, roweka gramu 100 za korosho katika maji ya moto nusu saa, zichuje, kisha zisage na mililita 300 za maji, vijiko vikubwa vitatu vya Hefeflocken (hamira iliyokaushwa, isiyoumua, ladha yake inakaribia jibini), kijiko kidogo cha haradali, vijiko viwili vya maji ya Sauerkraut (kabichi iliyochachushwa) kwa ajili ya ukali, chumvi, na vijiko vikubwa viwili vya wanga wa muhogo. Huo wanga wa muhogo ndio unaovutika kama jibini iliyoyeyuka. Wanga wa mahindi hautavutika hata ufanyeje, utatoa kastadi. Pika huku ukikoroga mpaka rojo lianze kung'aa, changanya na Spätzle, funika juu kwa vitunguu. Na vitunguu hivyo si vigeni kwetu: ni vilevile vya biriani, vikatwe vyembamba, vikaangwe polepole hadi viwe vya kahawia na vikauke. Mkono uliozoea biriani unapata sehemu hii bila kufundishwa.

Schnitzel, kipande chembamba cha nyama kilichovishwa chenga na kukaangwa, nayo inamsubiri anayejua katlesi. Sahani ya unga, sahani ya yai, sahani ya chenga za mkate. Hapa kinachobadilika ni sahani ya katikati tu. Yai la Schnitzel ni gundi ya kushikilia chenga, basi tengeneza rojo la vijiko vinne vikubwa vya unga, mililita 120 za maziwa ya soya, kijiko kidogo cha haradali na chumvi. Badala ya nyama, Wajerumani wenyewe wana desturi ya kutumia seleri ya mzizi, Knollensellerie. Imenye, ikate vipande vya unene wa sentimita moja, ichemshe dakika nane hadi kumi katika maji ya chumvi na limau. Kisha ikaushe kwa kitambaa pande zote mbili, na ikaushe kweli, kwa kuwa unyevu ndio unaofanya ngozi ya chenga ivuke kama puto na kudondoka kwenye kikaango. Mafuta yawe na kina cha sentimita moja na joto la karibu nyuzi 170. Ukichovya kijiti cha mbao, mapovu madogo yakizunguke papo hapo. Baada ya kukaanga usivipange vipande kimoja juu ya kingine. Ukipika migahawani kumbuka pia kwamba Ujerumani jina "Wiener Schnitzel" ni la nyama ya ndama peke yake, kwa hiyo kwenye orodha ya vyakula andika Sellerieschnitzel.

Viazi

Mfuko wa viazi Ujerumani huandikwa aina yake: festkochend ni vigumu visivyomung'unyika, mehligkochend ni vya unga unga, na vorwiegend festkochend viko katikati. Kwa mpishi asiyetumia yai, maandishi hayo yana uzito kuliko mapishi yenyewe.

Chapati za viazi, Reibekuchen au Kartoffelpuffer, zinahitaji wanga, kwa hiyo achana na festkochend. Kwaruza kilo moja ya viazi na kitunguu kimoja, funga kwenye kitambaa, kamua maji yote ndani ya bakuli. Usiyamwage. Yaache dakika kumi. Wanga mweupe utatulia chini, mgumu kama chokaa iliyolowa. Mwaga maji ya juu, urudishe wanga kwenye viazi pamoja na kijiko kidogo cha chumvi na vijiko viwili vya oti. Hicho ndicho kilichokuwa kinashikanisha muda wote, yai lilipanda gari lisilolihusu. Kaanga katika mafuta mengi na ya moto, nyembamba, na usiguse mpaka pembeni paanze kuwa kahawia. Zinaliwa na rojo la matofaa, Apfelmus, ambalo kwa kawaida halina kitu cha mnyama.

Saladi ya viazi ina nchi mbili. Kusini hutumia mchuzi mwepesi, siki na mafuta, na ukibadilisha mchuzi wa ng'ombe kwa wa mboga kazi imekwisha. Ila mpangilio wake una ukali. Kilo moja ya festkochend ichemshwe na maganda, imenywe na kukatwa ingali ya moto, imiminiwe mililita 250 za mchuzi wa moto wenye vijiko vitatu vikubwa vya siki, haradali, chumvi na kitunguu kilichokatwa vidogo. Iache dakika 20 inywe. Mafuta, vijiko vinne, huja mwisho kabisa. Ukiyatanguliza yanavalisha kila kipande koti, mchuzi hauingii, na saladi inabaki kavu ndani na majimaji chini ya bakuli. Watu wa Schwaben wana neno la saladi iliyofaulu, schlonzig, yenye utelezi na unyevu.

Kaskazini hutumia mayonezi. Mililita 100 za maziwa ya soya yasiyo na sukari, mililita 200 za mafuta ya alizeti, kijiko kidogo cha haradali, kijiko kikubwa cha siki na chumvi. Vitu vyote viwe na joto la chumba. Weka mashine ya kusagia ya mkono chini kabisa ya jagi, iwashe, subiri weupe upande, ndipo uinyanyue polepole. Maziwa ya oti hayatafanya hivi, hayana protini wala lesithini ya kutosha kushika mafuta. Maziwa ya oti yana kasoro nyingine kubwa kwa chakula cha chumvi: katika kuyatengeneza, vimeng'enya hugeuza wanga wake kuwa sukari, basi viazi vya kuponda vilivyotiwa oti hubaki vitamu kama vimekosewa. Yahifadhi kwa kahawa na keki.

Madonge ya Thüringen hayahitaji hila yoyote. Ni viazi vibichi vilivyokwaruzwa na kukamuliwa, sehemu mbili, na viazi vilivyopikwa na kupondwa, sehemu moja, na wanga uliokamuliwa. Badilisha tu siagi ya kukaangia vipande vya mkate vinavyowekwa katikati.

Semmelknödel za Bavaria, madonge ya mkate uliolala, ndizo zinazovunja moyo. Hapa yai lilikuwa na kazi ya kweli, na bila yai donge la duara likitupwa kwenye maji linaweza kufumuka lote likawa supu. Badilisha umbo. Tengeneza Serviettenknödel, donge refu lililofungwa kwenye kitambaa, nalo ni la asili kama la duara. Gramu 300 za mkate mweupe wa juzi, ukatwe vipande vidogo, umiminiwe mililita 300 za maziwa ya soya yenye uvuguvugu. Ongeza kitunguu kilichokaangwa, Petersilie (parsley) iliyokatwa, kungumanga, kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vitatu vikubwa vya unga na kijiko kikubwa cha kitani kilichosagwa. Pumzisha dakika 30, kanda kidogo kwa mkono bila kuuponda mkate wote kuwa uji. Viringisha mche wa unene wa sentimita sita kwenye kitambaa safi kilichopakwa mafuta, kaza ncha kwa uzi, upike kwa mvuke dakika 40. Ukiufungua ungali wa moto utapasuka. Uache upoe robo saa. Ukiulaza kwenye friji hadi kesho, kisha ukakata vipande na kuvikaanga pande mbili, unakuwa bora kuliko siku ya kwanza.

Mchuzi wa kahawia

Hapa ndipo chakula cha Kijerumani kinapofaulu au kufeli. Rouladen (nyama ya kuviringishwa), Sauerbraten (nyama ya kulowekwa kwenye siki), madonge, vyote vinaishi kwa mchuzi mzito wa rangi ya kahawia, na watu hudhani ladha hiyo ni ya nyama. Sehemu kubwa yake ni ya kitu kilichoungua kiasi kinachofaa, na mboga huungua vizuri kama nyama.

Kwa watu watano chukua vitunguu viwili, karoti mbili, gramu 150 za seleri ya mzizi, na nusu ya liki. Karoti, seleri na kitunguu vikatwe vidogo, viwekwe kwenye sufuria pana yenye vijiko vitatu vya mafuta, moto wa juu kidogo ya wastani. Vikae. Anayekoroga kila mara anavinyima nafasi ya kushika chini. Sufuria ikiwa finyu mboga zitatoa maji na kujichemsha zenyewe, rangi haitakuja, na hakuna kitu utakachoongeza baadaye kitakachoirudisha. Dakika 15 hadi 20. Liki iingie mwishoni kwa sababu huungua upesi na kuwa chungu.

Sasa sogeza mboga pembeni, weka vijiko viwili vikubwa vya nyanya ya kopo katikati, ikaange dakika mbili au tatu hadi wekundu wake ugeuke rangi ya tofali. Ikifika weusi, mwaga uanze upya. Uchungu wa nyanya iliyoungua hauondoki kwa sukari. Kisha divai nyekundu mililita 250, kwa mafungu matatu: mimina theluthi, kwangua chini, acha ikauke hadi mboga zianze kulia tena kwenye mafuta, rudia. Kila mzunguko unaongeza rangi na kina. Asiyetumia divai, na wasomaji wengi wa pwani ni hao, atumie mililita 200 za maji ya zabibu nyekundu pamoja na vijiko vitatu vya siki, kwa mafungu yaleyale, akiwa makini zaidi mzunguko wa mwisho maana sukari ya zabibu hushika chini haraka.

Ndipo ongeza mililita 800 za maji, gramu 15 za uyoga mkavu, majani mawili ya Lorbeer (bay leaf), punje nne za Wacholder (juniper), pilipili manga nzima, na ganda la mkate mweusi wa Roggen (rai) la ukubwa wa kiganja. Mkate huo unaongeza uzito na ukali kidogo ambao mpishi wa Kijerumani atautambua. Chemsha taratibu dakika 45, chuja huku ukizikandamiza mboga. Sasa, na si kabla, tia vijiko viwili vya mchuzi wa soya, kijiko kidogo cha haradali, na chumvi. Ukitia chumvi mapema, mchuzi ukipungua unakuwa wa kutupa. Mchuzi wa soya ukizidi vijiko viwili chakula kinahama kwenda mgahawa wa Kichina.

Kuna upungufu mmoja utakaouhisi mdomoni. Mchuzi wa mifupa una jelatini inayokaa kwenye midomo, wa mboga hauna. Fidia kwa kijiko kikubwa cha wanga uliokorogwa katika maji baridi, kisha, moto ukiwa umezimwa, kijiko kikubwa cha majarini baridi inayokorogewa ndani hadi iyeyuke. Wanaoacha mafuta haya kwa kuhesabu afya hupata mchuzi wenye rangi sahihi na ladha ya maji.

Ikiwa unataka Rahmsoße, yaani mchuzi wa krimu, mkono wa mtu wa pwani hukimbilia tui la nazi. Uzuie. Hata vijiko vitatu vitasikika, na mchuzi wa uyoga utageuka kuwa mchuzi wa uyoga wa nazi, chakula kizuri chenye anwani nyingine. Tumia krimu ya soya au korosho zilizosagwa laini, na uzitie moto ukiwa mdogo, baada ya siki na divai kushapikwa, la sivyo soya hukatika vipande vipande kama maziwa yaliyoganda.

Kwa Sauerbraten ya Rheinland, kitoweo cha siki, mchuzi huohuo huongezewa zabibu kavu, kijiko cha Rübenkraut (asali nyeusi ya mmea wa kiazisukari, haina nyuki) na keki ya viungo, Soßenkuchen, iliyosagwa. Soma karatasi ya keki hiyo kwa sababu nyingine zina asali ya nyuki. Badala ya ng'ombe tumia seitan, donge la gluteni lililopikwa likaliwa kama nyama: gramu 250 za unga wa gluteni, gramu 50 za unga wa dengu, chumvi, na mililita 300 za mchuzi baridi. Kanda dakika tatu, funga kwenye kitambaa kwa kukaza, pika saa moja kwenye maji yanayotetemeka tu. Yakichemka kwa nguvu seitan huvimba na kuwa sponji. Ilale ndani ya mchuzi wake usiku kucha. Nyama hulowekwa kwenye siki siku kadhaa ili ilainike. Seitan haina cha kulainishwa, hivyo saa 12 zinatosha. Ukiiacha siku nne hautakula kingine ila siki.

Moshi, mafuta, majorani

Speck, bekoni ya Kijerumani, imo kwenye kila kitu: adesi, kabichi, maharage, viazi vya kukaanga. Huleta chumvi, moshi na mafuta, na wapishi wengi hukumbuka moshi wakasahau mafuta. Kata tofu ya moshi, Räuchertofu, vipande vya milimita tano, kaanga katika vijiko viwili vya mafuta mpaka pembe zikauke, zima moto ndipo unyunyize kijiko kidogo cha paprika ya moshi. Paprika huungua kwa sekunde chache. Kabichi nyekundu, Rotkohl, iliyozoea mafuta ya bata, ipewe vijiko vitatu vya mafuta ya mboga kwa kilo moja, tofaa moja, karafuu tatu, na siki tangu mwanzo. Bila tindikali rangi yake hugeukia buluu. Ndiyo sababu kusini huitwa Blaukraut.

Grünkohl, ndugu wa sukumawiki mwenye majani ya kujikunja, huliwa majira ya baridi huko Bremen na Oldenburg pamoja na soseji iitwayo Pinkel. Baridi huyafanya majani yakusanye sukari, ndipo utamu wake. Pika kilo moja saa nzima na vitunguu, kijiko kikubwa cha haradali na gramu 50 za oti iliyopasuliwa. Pinkel yenyewe kwa sehemu kubwa ni nafaka na mafuta, kwa hiyo kuiiga ni rahisi kuliko soseji yoyote: gramu 150 za oti iliyopasuliwa, Hafergrütze, zipikwe kwenye mililita 300 za mchuzi hadi zikauke, zichanganywe na gramu 80 za mafuta ya nazi yaliyoondolewa harufu, vitunguu vya kukaanga, Piment (allspice), pilipili manga na chumvi ya moshi. Viringisha, poza, kata, kaanga. Mafuta yakiwa na harufu ya nazi, tumerudi kwenye kosa la tui.

Soseji za kupaka kwenye mkate hukaa juu ya kiungo kimoja, majorani, jani la harufu. Leberwurst, soseji ya ini, bila ini: gramu 250 za maharage mekundu yaliyopikwa, gramu 200 za tofu ya moshi, vitunguu viwili vilivyokaangwa hadi kahawia, vijiko viwili vidogo vya majorani mkavu, kungumanga, basibasi kidogo, chumvi, pilipili manga, mafuta vijiko vinne. Saga, poza usiku mmoja. Ukionja saa hiyohiyo utasikia maharage, kesho yake utasikia Leberwurst. Vivyo hivyo Mett, nyama mbichi ya nguruwe ya kusaga inayopakwa kwenye mkate, huigwa kwa biskuti za mchele: gramu 100 za Reiswaffeln zilizovunjwa, mililita 350 za maji, gramu 80 za nyanya ya kopo, vitunguu viwili vibichi, mafuta, chumvi, pilipili manga. Ikae friji hadi asubuhi, vinginevyo ni mchele uliolowa. Soya kuingia kwenye soseji nako si jambo la juzi Ujerumani: Konrad Adenauer, akiwa meya wa Köln wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alibuni soseji yenye unga wa soya na kupata hataza yake Uingereza mwaka 1918.

Adesi na Spätzle, chakula kikuu cha Schwaben, yanahitaji tu kuondolewa soseji na Speck, na kutiwa siki mwisho. Siki ikitangulia, maganda ya adesi hukaza na kukataa kuiva. Tafuta Alb-Leisa, adesi ndogo za milima ya Schwaben. Mbegu za zamani zilikuwa zimepotea mashambani, zikapatikana mwaka 2006 katika hifadhi ya mbegu ya Taasisi ya Vavilov, St. Petersburg, na sasa zinalimwa tena kwao.

Dukani, herufi nzito kwenye orodha ya viungo ndizo rafiki: sheria ya Ulaya inataka vizio kama maziwa na yai vionekane wazi. Tazama Molke (maji ya maziwa yaliyoganda), Butterreinfett (samli), Eiklar (ute wa yai). Schmalz (mafuta ya mnyama), Gelatine na Honig (asali) si vizio, hivyo haviandikwi kwa herufi nzito, visome kwa makini. "Kann Spuren von Milch enthalten" ni onyo la mabaki ya kiwandani, si kiungo. Usitafute neno Milch kwenye pakiti ya soya. Hukumu ya Mahakama ya Umoja wa Ulaya ya Juni 2017 ilithibitisha kuwa maziwa, siagi na jibini ni majina ya vitu vya mnyama, ndiyo maana imeandikwa Sojadrink. Bia ya kawaida ya Kijerumani haina shida. Divai na maji ya matofaa wakati mwingine husafishwa kwa jelatini.

Keki

Käsekuchen, keki ya jibini, hutengenezwa kwa Quark, maziwa mgando mazito. Chuja kilo moja ya yogati ya soya isiyo na sukari kwenye kitambaa usiku mzima, ibaki kama gramu 600. Changanya na gramu 150 za sukari, gramu 70 za wanga, gramu 100 za majarini iliyoyeyushwa, vanila, ganda la limau na vijiko viwili vya maji yake. Nyuzi 170, dakika 55 hadi 60. Itoke katikati ikiwa bado inatetemeka, na isikatwe kabla ya kulala friji: wanga hukaza ukipoa, na keki ya moto humwagika hata kama imeiva kabisa.

Kwa Lebkuchen, biskuti za viungo za Krismasi, kiumuo kiitwacho Hirschhornsalz kinatisha kwa jina lake la pembe ya paa, lakini siku hizi hutengenezwa kikemikali. Kitumie kwa vitu vyembamba tu. Kwenye keki nene harufu ya amonia hukosa njia ya kutokea.

Na Stollen, mkate wa Krismasi, uliwahi kuokwa bila siagi kwa amri. Majilio ilikuwa saumu, siagi na maziwa vilikatazwa, watu wa Saksonia wakabaki na unga, maji na mafuta, hadi Papa Innocent wa Nane alipotuma barua ya siagi, Butterbrief, mwaka 1491. Leo jina Dresdner Stollen linadai siagi, basi wako uite Stollen tu. Gramu 500 za unga, kipande kimoja cha hamira mbichi cha gramu 42, mililita 150 za maziwa ya soya ya vuguvugu, gramu 80 za sukari, gramu 200 za majarini. Majarini iwe ya kipande yenye mafuta asilimia 80. Ile laini ya kopo ina maji mengi, donge litanata na mkate hautahifadhika. Acha liumuke, kisha ndipo ukande ndani gramu 300 za zabibu kavu zilizolowekwa kwenye maji ya machungwa na kukaushwa, gramu 100 za lozi, na gramu 100 za maganda ya machungwa na limau yaliyopikwa na sukari. Matunda yakitangulia huchafua donge na kuizuia hamira. Zabibu zinazochungulia juu zitoe, zitaungua na kuwa chungu. Nyuzi 180, dakika 50. Ungali wa moto, upake gramu 100 za majarini iliyoyeyushwa hadi zote zinywewe, uzike kwa sukari ya unga, ufunge, uweke mahali pa baridi wiki mbili. Siku ya kuukata anzia katikati, toa vipande unavyotaka, kisha sukuma nusu mbili zikutane uso kwa uso ili pasikauke.